Waraka wa Mlima wa Chooni

Baraza la Mji lina furaha isiyo na kifani kuwatangazia wakazi wote, wageni wote, na mlima wenyewe, kwamba soko la makazi kwa mwezi huu limechangamka.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyoanza kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kwenye ngazi za ofisi ya Baraza, kwa kipaza sauti kilichosikika mpaka kwenye mashamba ya chini. Mwezi ambao familia kumi zilihamishwa, soko lilikuwa limechangamka. Mwezi ambao mvua iliangusha ukuta wa ofisi ya makazi, soko lilichangamka zaidi, maana hata ofisi yenyewe ilikuwa inatafuta chumba. Mheshimiwa Mwenyekiti alilisoma tangazo mwenyewe, tena bila kuliona kabla, kwa kuwa aliamini taarifa ikisomwa mara mbili inachacha. Kila alipovuta pumzi, Katibu wake alipiga makofi na watu wakafuatisha. Na kwa mujibu wa Kanuni ya Tisa, neno likishatoka kwenye kipaza sauti kile lilikuwa sheria tayari. Halirudishwi, halifutwi wala haliombewi radhi. Mheshimiwa aliipenda sana kanuni hiyo, kwa vile aliitunga mwenyewe.

Aliyeiandaa taarifa hiyo alikuwa Afisa Mkuu wa Upimaji wa Mandhari. Alikuwa mkuu kweli, ingawa chini yake hapakuwa na mtu yeyote, palikuwa na kigoda. Kigoda cha mbao, kimo sentimita arobaini na tano, kimepigwa muhuri wa Baraza kwenye kila mguu. Kwa kutembea nacho kwapani miaka tisa, mji mzima ulimwita Bwana Kigoda, na mwisho hata barua za ofisi zikamjia kwa jina hilo.

Kazi yake haikuwa mchezo. Mji ule ulikalia ubavu wa mlima, na watu walitoka mbali kuja kuutazama, kuvuta hewa yake na kusema wamepona. Hoteli zilichipuka kila kona. Baraza likakaa, likafikiri, likaamua kwamba nyumba si kuta wala bati. Nyumba ni mlima unaoonekana ukiwa ndani yake. Basi kila mwezi Bwana Kigoda aliingia nyumba moja baada ya nyingine, akaweka kigoda katikati ya sebule, akakaa, akanyoosha mgongo, akatazama dirishani. Mlima ukionekana wote, kuanzia kileleni hadi kiunoni, hilo lilikuwa Daraja la Kwanza. Kilele peke yake, la Pili. Mlima unaoonekana kwa kujipinda, kuning'inia au kushikiliwa mkanda na mwenzako, la Tatu. Daraja la Nne lilikuwa la nyumba ambamo mlima, kama fomu ilivyosema, "unajulikana upo". Siku za mawingu aliandika: "Mlima haukuhudhuria. Haukutoa udhuru." Nyumba ikabaki na daraja lake la mwezi uliopita.

Daraja la Kwanza lilikuwa la viongozi, wawekezaji na wageni wa heshima. Kiongozi hakuruhusiwa kulala chini ya hapo hata siku moja, kwa kulinda hadhi ya ofisi. Mheshimiwa alitia saini kanuni hiyo asubuhi ya siku ile hoteli moja ilipompa chumba kinachotazama jalala. Daraja la Nne lilikuwa la watumishi: wapishi, madobi, wafagiaji, mabawabu na, kwa kuwa Baraza lilisahau kumwandika penginepo, Afisa Mkuu wa Upimaji wa Mandhari. Nyumba ya mtumishi ikipanda daraja, alipewa mpaka mwisho wa mwezi ahamie nyumba ya Daraja la Nne iliyo karibu zaidi. Mwanzoni iliyo karibu zaidi ilikuwa mtaa wa pili. Sasa ilikuwa bondeni, saa mbili kwa lori. Hilo ndilo lililoitwa soko.

Bwana Kigoda mwenyewe aliishi Mgongoni, yaani vyumba sita vilivyojipanga nyuma ya hoteli kubwa kuliko zote mjini. Madirisha yote sita yalitazama ukuta wa jiko la hoteli, na mtu aliweza kujua saa kwa harufu iliyokuwa inatoka. Daraja la Nne safi, lisilo na doa. Chumba cha tatu alikaa yeye, mkewe aliyekuwa dobi, na mama mkwe wake. Mama huyo aliingia chumba kile akiwa bibi harusi, akakaa humo matanga ya marehemu mumewe, na sasa magoti yake yalikuwa yamegoma kabisa kuteremka mlima.

"Mkinishusha, mnishushe moja kwa moja," alisema kila soko lilipochangamka. "Sipandi tena mimi."

Alisema akicheka. Binti yake hakucheka, na Bwana Kigoda alikwenda nje kukipangusa kigoda ambacho hakikuwa na vumbi.

Sasa, kulikuwa na jambo moja la Mgongoni ambalo halikuandikwa kwenye fomu yoyote, nalo ni choo. Choo kimoja cha vyumba sita, kimejengwa kwa matofali ya mabaki mwisho wa uwanja, kikaipa hoteli kisogo. Kilikuwa na kidirisha cha ukubwa wa sinia. Mtu akikaa tu, mlima wote ulijaa kwenye kile kidirisha: kilele, mabega, msitu, mpaka kiunoni, na bado nafasi ikabaki ya kunguru mmoja kupita. Watu wa Mgongoni walikuwa na haraka ya kila kitu duniani isipokuwa hapo. Waliingia wamekunja uso wakatoka wanapiga mluzi. Bwana Kigoda alijua yote hayo, na hakuwa mwongo. Kanuni ilisema sebuleni. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za chooni.

Siri hiyo ilikaa miaka, mpaka siku mgeni mmoja wa hoteli, mzee mwenye kamera shingoni na tumbo lililogombana na kifungua kinywa, alipopotea njia na kuingia pale mbio. Alikaa dakika arobaini. Alipotoka macho yalikuwa mekundu kwa machozi. Alimshika mama mkwe mikono yote miwili, akamwambia kwamba amezunguka dunia nzima na hajawahi kujisaidia kwa raha kama ile.

"Karibu tena, baba," mama mkwe alimjibu. "Maji yapo kwenye ndoo."

Kesho yake walikuja watu wanane. Keshokutwa foleni ilifika getini, wageni wamevaa kofia pana na kushika darubini, huku wenye choo chao wakisubiri mwisho wa mstari na makopo mkononi. Mpishi wa chumba cha kwanza alichelewa kazini mara mbili, akaandika kwenye daftari la sababu: "Utalii."

Siku ya nne akaja Mheshimiwa Mwenyekiti mwenyewe, na wawekezaji wawili, na Katibu aliyembebea koti. Aliingia, akafunga komeo. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Katibu, aliyezoea kupiga makofi kila Mheshimiwa anaponyamaza, hakujua afanye nini na kimya cha namna ile, akapiga kidogo tu, kwa adabu. Baada ya dakika ishirini na tano mlango ulifunguka, na Mheshimiwa akatoka na sura ya mtu aliyepata mtaji.

Saa moja baadaye walikuwa ofisini.

"Mgongoni ni Daraja la Kwanza," Mheshimiwa alisema. "Miaka yote hii tumekalia dhahabu, Kigoda. Na wewe unaishi palepale."

"Mheshimiwa, kanuni inasema sebuleni."

"Basi kanuni imezeeka. Katibu, andika waraka. Kuanzia mwezi huu mlima utapimwa kutoka chooni."

"Chooni na sebuleni?" Katibu aliuliza, kalamu juu.

"Chooni. Nikiacha viwili, kesho mtu ataniletea dari na keshokutwa atapanda bomba la moshi. Hawa ndugu zangu wawekezaji wanataka kipimo kimoja kinachoeleweka."

Wawekezaji walitikisa vichwa kukubali. Bwana Kigoda aliyaona magoti ya mama mkwe wake yakipandishwa kwenye lori, na moyo ukamuuma kwelikweli, kwa namna ambayo hakuna fomu ya kuijaza.

"Kwa Mgongoni tu, Mheshimiwa?" aliuliza.

Mwekezaji mmoja aliinua macho, na Mheshimiwa akamwona akiyainua.

"Kigoda, unanijua vizuri. Mimi ni mtu wa upendeleo?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Andika, Katibu. Kwa nyumba zote za mji huu, bila kujali cheo, ukubwa wala mwenye nyumba."

"Zote," Bwana Kigoda alirudia, kama mtu anayehakikisha anuani.

"Zote, bwana. Una shida ya masikio leo?"

"Na familia sita zilizopo, Mheshimiwa?"

"Zitashuka bondeni, bonde nalo lina hewa. Mwenye malalamiko ajaze fomu. Na andika hili, Katibu, watu wasije wakanichosha: waraka huu haubadilishwi kabla ya miezi sita."

Katibu alipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya meza, maana mwingine ulikuwa unaandika. Mheshimiwa akatia saini ndefu yenye mkia.

Jioni Bwana Kigoda aliufikisha waraka nyumbani yeye mwenyewe, kwa kuwa Baraza halikuwa na mjumbe mwingine. Aliusoma wote, pamoja na namba ya kumbukumbu. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage juu ya ungo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea kuchambua.

"Mkwe wangu," alisema, "hiki chumba nimekipaka chokaa mara thelathini na moja. Mimi siondoki leo wala siondoki kesho. Mwambie Mheshimiwa wako nimekaa."

"Mama, mimi sina la kumwambia. Mimi napima tu."

"Basi utanipima nikiwa nimekaa."

Mkono wake ukatulia juu ya maharage. Bwana Kigoda akaona anafuta macho kwa kiganja. Miaka yote hakuwahi kumwona mama yule akilia, hata kwenye matanga. Aliona aibu ya kuwa afisa.

Mkewe alikuwa mezani anakunja taulo nyeupe za watu, kazi aliyoibeba nyumbani. Alikunja tatu, kisha akainua kichwa.

"Hebu nisomee tena pale pa nyumba zote," alisema.

Akamsomea.

"Hizi taulo unazijua ni za nani? Za kwa Mheshimiwa. Kila wiki nabeba taulo za vyoo vinane kwenye ile nyumba. Marumaru mpaka darini, kioo ukutani unajiona ulivyo mpaka unaogopa. Lakini dirisha, mume wangu, hakuna. Vyote vinane vina feni tu. Hata tundu la kupitisha uzi hakuna."

Bwana Kigoda alimtazama mkewe. Akautazama waraka. Akamtazama tena mkewe, na magoti ndiyo yaliyoanza kucheka, kabla kicheko hakijafika juu.

"Siwezi," alisema. "Yule ni Mwenyekiti."

"Kwani wewe kazi yako ni nini?"

"Kupima nyumba."

"Ngapi?"

"Zote."

"Basi kapime, baba. Usije ukasemwa una upendeleo."

Asubuhi iliyofuata alipanda kwa Mheshimiwa na kigoda kwapani. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kuwatembeza wawekezaji. Mkewe alimkaribisha vizuri, akampangia kikombe cha chai sebuleni, mbele ya lile dirisha kubwa ambamo mlima ulikuwa umejaa tele, unang'aa, umehudhuria kabla ya wakati.

"Si hapa tena, mama," Bwana Kigoda alisema kwa upole. "Waraka mpya. Naomba unioneshe vyoo."

Alivipima vyote vinane. Katika kila kimoja aliweka kigoda, akakaa, akanyoosha mgongo, akautazama ukuta kwa muda uliowekwa na kanuni, feni ikivuma juu ya kichwa chake. Cha tano kilikuwa kipana kuliko chumba chake cha Mgongoni, na humo alichelewa kidogo. Mke wa Mheshimiwa alisimama mlangoni na kikombe.

"Unaona chochote?" aliuliza.

"Najiona mwenyewe, mama. Pande tatu."

Mara nane aliandika yale yale: mlima unajulikana upo. Kisha akaenda kwenye majumba ya kupanga ya wale wawekezaji wawili, akaenda na kwa Katibu. Huko nako palikuwa na marumaru na feni. Nyumba za watumishi wengine hazikusogea daraja, kwa kuwa kila choo kilitazama choo cha jirani. Akaandika taarifa kwa usafi, akaitia kwenye bahasha, akaiziba kwa lakiri. Alimkabidhi Katibu, na Katibu hakuifungua, kwa sababu kuifungua kungeichachisha.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ngazi za Baraza zilijaa. Wawekezaji walikaa mstari wa mbele. Watu wa Mgongoni walisimama nyuma na mabegi yao, na mama mkwe alikalia ndoo, kwa vile aliahidi kukaa. Mheshimiwa alipasua lakiri.

"Baraza la Mji lina furaha isiyo na kifani," alianza, na sauti ikateremka hadi mashambani, "kutangaza kwamba soko la makazi kwa mwezi huu limechangamka. Kwa kutumia kipimo kimoja, kisicho na upendeleo, vyumba sita vya Mgongoni vimepanda kutoka Daraja la Nne hadi Daraja la Kwanza."

Akavuta pumzi. Katibu akapiga makofi.

"Nyumba zifuatazo zimeshuka kutoka Daraja la Kwanza hadi Daraja la Nne, na kuanzia sasa ni makazi ya watumishi. Nyumba namba moja, Barabara ya Kileleni, makazi ya Mheshimiwa Mwenye..."

Hapo akanyamaza. Katibu akapiga makofi kwa nguvu, na watu wote wakapokea, wakapiga mpaka kunguru wakaruka kutoka juu ya bati. Mheshimiwa aliinua mkono kuwazuia. Wakadhani anawapungia, wakaongeza.

"Hii karatasi ina kosa," alisema alipopata nafasi, na kipaza sauti kikalipeleka neno hilo mbali sana.

"Mheshimiwa," Bwana Kigoda alisema kutoka ngazi ya chini, "kipimo ni kimoja, kwa nyumba zote, bila kujali cheo, ukubwa wala mwenye nyumba. Nimekaa katika vyoo vyote vinane. Na tayari imeshatoka kwenye kipaza sauti."

Wawekezaji waligeuka kumtazama Mheshimiwa. Kumwambia mwekezaji kwamba kipimo kimoja ni cha wengine tu ni jambo gumu, hasa ukiwa umeshamuuzia habari hiyo asubuhi nzima. Mheshimiwa alitazama karatasi, akautazama umati, akautazama hata mlima, ambao ulikuwa umehudhuria wote. Akasoma mpaka mwisho. Jina la Katibu lilipofika, Katibu alipiga makofi kwanza, ndipo akalisikia.

Kanuni zilijipanga zenyewe, bila mtu kuzisukuma. Familia sita zilitakiwa kuhamia nyumba ya Daraja la Nne iliyo karibu zaidi, na iliyo karibu zaidi ilikuwa namba moja, Barabara ya Kileleni, hatua mia mbili na kumi kutoka Mgongoni. Viongozi na wawekezaji, wasioruhusiwa kulala chini ya Daraja la Kwanza hata siku moja, walitakiwa kuhama jioni ile ile, na Daraja la Kwanza lililobaki mjini lilikuwa Mgongoni. Mama mkwe alinyanyuka kwenye ndoo, akajipukuta.

"Nilikataa kushuka," alisema. "Kupanda sijakataa." Akapanda, taratibu, akipumzika kwenye kila kona, binti yake kulia na mkwe wake kushoto, na mpishi akabeba ungo.

Mwezi uliofuata Bwana Kigoda alianza kazi mapema, maana nyumba mpya ilikuwa na vyoo vya kutosha na hakuna aliyesubiri mtu. Mama mkwe peke yake ndiye alikuwa na lawama: alisema choo chake cha marumaru ni kizuri lakini mtu hana pa kutazama, hivyo amehamishia kiti chake sebuleni, kwenye dirisha lisilohesabika. Bwana Kigoda alipofika Mgongoni alikuta foleni. Mwekezaji wa kwanza alikuwa na taulo begani, wa pili anaruka mguu mmoja mguu mwingine, na Katibu ameshika kopo la maji kwa mikono miwili. Bwana Kigoda aligonga mlango.

"Kuna mtu," ilisema sauti iliyojulikana mpaka mashambani.

"Ni Afisa Mandhari, Mheshimiwa. Nimekuja kupima."

Kikapita kimya. Katibu aliinua mikono kwa mazoea, akakumbuka kopo.

"Mlima upo, Mheshimiwa?"

"Upo."

"Wote?"

"Wote, Kigoda, mpaka kiunoni." Sauti ilisita kidogo. "Sikiliza, ndugu yangu. Ule waraka. Hauwezi kufanyiwa marekebisho?"

"Unaweza, Mheshimiwa. Baada ya miezi mitano."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo ipo fomu ya malalamiko," Bwana Kigoda alisema. Akachomoa moja kwenye mkoba, akaikunja mara mbili, akachutama na kuisukuma chini ya mlango pamoja na kalamu. "Ijaze vizuri, Mheshimiwa, pale penye daraja la makazi. Ila naomba usichukue muda mrefu. Soko limechangamka, na watu wamebanwa."